Njia ya Arobaini na Saba

...na mimi ndiye niliyemfundisha mtu huyu kuchomeka kamba za viatu ndani zisije zikanaswa na magurudumu ya toroli, mimi, siku yake ya kwanza kabisa, na sasa naviangalia viatu vyenyewe kwa sababu uso wake nashindwa kuutazama, Minegishi-san amesimama mbele yetu sote, kofia ameishika kwa mikono miwili tumboni, ni saa mbili na robo asubuhi, mazoezi ya viungo ya redio tumeshamaliza na mabega yangu bado yana joto, joto la bure, maana ndani nimepoa kabisa, na Tsukuda-san, mkuu wetu wa ghala, anafunua karatasi yake na kusema, "Haya, wenzangu, leo tuna jambo zito," na watu thelathini na wanne waliopanga mistari mitatu kwenye sakafu ya saruji wanaacha kukohoa, hata Nagumo-san aliye kulia kwangu, ambaye hajapata kunyamaza tangu ghala hili lijengwe, na nyuma ya mkuu kuna ule ubao wa siku bila kosa la kusafirisha mzigo, jana ulisoma mia mbili na kumi na mbili, leo unasoma sifuri, na aliyefuta hakufuta vizuri, zile mbili za jana bado zinaonekana chini ya sifuri, laiti angefuta vizuri, sijui kwa nini hilo linaniuma hivi, mengine yote sijayalilia, hilo la ubao ndilo linataka kuniliza. "Alhamisi iliyopita," anasema mkuu, "tumepeleka maboksi saba ya pudingi laini kwenye nyumba moja ya wazee kule kaskazini, na yote saba yalikuwa yamepitiliza tarehe kwa siku tisa," na Nagumo-san ananinong'oneza, "Siku tisa! Mimi nyumbani nakula ya mwezi mzima na bado nipo," nami natikisa kichwa kama ninayetabasamu, ona nilivyo, hata tabasamu naliweza, na mkuu anaendelea, trei mbili zilikuwa zimeshagawiwa kabla mpishi hajasoma tarehe, bibi mmoja wa miaka tisini na mmoja alitapika, wakamlaza hospitali siku mbili, amerudi, anaendelea vizuri, "daktari hasemi ni pudingi, wala hasemi si pudingi, na sisi hatuna mdomo wa kusema chochote," na bibi huyo sijui jina lake, nimejaribu tangu jana kutomfikiria, lakini nimemwona, nimemwona akifungua kinywa kisicho na meno anasubiri kijiko, ameamini kijiko, kwa nini asiamini, mtu wa tisini na moja ataanza leo kusoma tarehe za maboksi, tarehe ni kazi yetu, ni kazi yangu, ni yangu...

"Minegishi-san ameomba aseme mwenyewe," anasema mkuu, naye anapiga hatua moja mbele, anainama kidogo, ana miaka sitini na sita, alikuwa mkuu wa idara kwenye kiwanda cha vifaa vya umeme, watu mia mbili chini yake, akastaafu, akaja huku kwetu kusukuma toroli kwa sababu, kama alivyotuambia siku ya chakula cha mwaka mpya, "mke wangu akinikuta sebuleni ananizungushia mashine ya kufagia miguuni mpaka nihame," na tulicheka, akacheka na yeye, mtu mpole, kila mwezi wa kumi na mbili analeta machenza kutoka kwa shemeji yake, moja moja kwa kila mtu na mimi mawili, "la pili ni la mwalimu," ndivyo anavyoniita, mwalimu, mimi wa miaka hamsini na minne niliyeishia sekondari tu, kwa sababu nilimfundisha rafu za mteremko, na rafu zenyewe hazina maajabu, zimeinama, basi, kila njia ni kama kitanda chembamba cha vigurudumu kilichonyanyuliwa upande wa nyuma, sisi wajazaji tunatia boksi nyuma, linashuka lenyewe kwa uzito wake, trrrr, mpaka mbele linagonga kizuizi, tk, na wachukuaji wa mbele wananyoosha tu mkono, hawatembei ghala zima kutafuta mzigo, mtu mmoja anachukua bidhaa sitini kwa hatua kumi na tano, na kubwa kuliko yote, lililoingia mwanzo ndilo linalotoka mwanzo, mzigo wa zamani hauwezi kujificha, rafu inakulazimisha uwe mwaminifu, nilimwambia hivyo hivyo, kwa mdomo huu, "Minegishi-san, rafu hii inakulazimisha uwe mwaminifu, kitu kimoja tu usifanye, hata uwe na haraka namna gani, usijaze kwa mbele," naye akaandika kwenye kijitabu chake, usijaze kwa mbele, akapiga mstari chini yake.

"Mimi ndiye niliyefungua njia ya arobaini na saba ilipokwama," anasema sasa, sauti yake ndogo, nyuma ya Tsukuda-san mtambo wa kupasha joto unavuma, "mchukuaji aliniita kwamba mbele ni tupu, nilipokwenda nyuma nikakuta imejaa, nikaelewa kuwa imekwama katikati, nikapata ruhusa, nikaisukuma kwa kijiti, maboksi saba yakashuka. Sheria inasema yasomwe tarehe moja baada ya jingine. Sikusoma. Kosa ni langu," na yote ni kweli, kila neno, hakuongeza wala hakupunguza, na ukweli wake ndio unaonifunika mimi, maana karatasi ya ile njia ina jina moja tu, lake, aliandika kwa mwandiko wake wa kihasibu, arobaini na saba, kukwama, maboksi saba, Minegishi, na juu ya mstari huo hakuna kitu, wiki kumi hakuna kitu, na hapo ndipo jina langu lilipotakiwa kuwa, Orihara, Orihara, Orihara, kila asubuhi ya wiki kumi... Picha yangu ipo pale ukutani, mkono wa kushoto wa ubao, sihitaji kugeuka kuiona, nimeshika cheti na chupa ya chai ya zawadi, nimefumba jicho moja kwa sababu ya mwanga, chini yake imeandikwa pendekezo bora la mwaka, punguzeni mteremko, kwa sababu maboksi ya pudingi ni mepesi na vikombe vyake vina vifuniko laini, yalikuwa yakishuka kwa kasi na kugonga mbele mpaka vinapasuka, kila wiki tulitupa vikombe thelathini, mimi nikapima kwa rula ya mwanangu, nikasema tushusheni nyuma sentimita nne tu, wakashusha njia kumi, vikombe vikaacha kupasuka, watu wakapiga makofi, na makao makuu wakasema watakuja kuona, nami niliipenda picha ile, niseme tu, nilikuwa nikifika mapema niipite pole pole, mtu hajapigwa picha ya heshima tangu harusi yake, akipigwa anapagawa. Ikaja siku ya wageni, tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa, saa moja na nusu, natia maboksi nyuma, moja, mbili, nasubiri tk, sisikii tk, tatu, nne, sisikii, mpaka la saba, nikazunguka mbele nikachungulia, mbele peupe, na ndani huko gizani boksi la kwanza limekaa tuli katikati ya njia, na mengine sita yamejipanga nyuma yake kama watu wa foleni ya posta, mteremko ulikuwa mdogo mno kwa boksi jepesi, ndiyo, pendekezo langu, pendekezo bora la mwaka, na wageni walikuwa wanavua viatu mlangoni. Ningefunga lebo nyekundu ya kukwama kwenye njia. Ningemwita mkuu. Dakika ishirini za karatasi na sababu ya kukwama ingeandikwa kwa kalamu, mteremko, na wageni wangesimama pale pale wakisoma. Nikachukua maboksi manne mapya kwenye toroli, nikazunguka, nikayasukumia ndani kwa mbele, moja baada ya jingine, mkono ukajua njia kama vile umezoea, na wageni walipofika njia ilikuwa imejaa mbele na imejaa nyuma, katikati peupe lakini katikati nani anaona, mzee mmoja wa tai ya kijani akaniinamia, "Kazi safi sana, Orihara-san," nikainama mimi pia, nikasema bado najifunza. Bado najifunza!

Nilisema nitaifungua wakati wa chakula. Wakati wa chakula wageni walikula nasi. Nikasema kesho, na kesho nikasema kesho, na pudingi ile haiondoki sana, maboksi mawili matatu kwa siku, basi kila asubuhi kabla ya redio, kabla ya watu, nazunguka mbele na toroli langu, natia mawili matatu kwa mbele, sekunde arobaini, nilishazipima, na nyuma yale saba yamelala, yalitengenezwa mwezi wa saba na yana miezi minne tu ya kuishi, nilijua, kila asubuhi nilijua ni siku ngapi zimebaki, nikijiambia zikibaki thelathini nitafungua, zikibaki ishirini, zikibaki kumi, na tarehe kumi na nne ya mwezi huu ilipopita nikajiambia sasa sitayafungua kabisa, nitayatoa siku ya usafi wa mwisho wa mwaka, kimya kimya, niyatupe, hakuna atakayejua, ndipo ikafika kumbukumbu ya mwaka wa saba wa kifo cha baba kule kwetu, siku tatu, nikaomba ruhusa, nikavaa nyeusi, nikakaa mbele ya mtawa nikisikiliza sala, nikifikiria njia ya arobaini na saba, baba anisamehe, na mtu aliyepewa njia zangu siku hizo tatu ni Minegishi-san. "Je, una la kuongeza?" anauliza mkuu, naye anasema, "Miwani yangu inapata ukungu nikivaa barakoa, lakini hiyo si sababu, ningeweza kuivua," na mtu mstari wa nyuma anacheka puani, kisha anajizuia, na Nagumo-san, "Maskini, alikuwa akisoma tarehe kwa sauti kama kondakta wa treni, unakumbuka? Kwa nini aliacha?" Kwa nini aliacha. Kwa nini aliacha, anauliza huyu, na alikuwepo. Mwezi wa nne wa mwaka ule alioanza kazi, mwezi wake wa kwanza, kila boksi alikuwa akilielekezea kidole, mkono umenyooka mpaka kwenye bega, anaita kwa sauti, "Tarehe, mwezi wa nane, siku ya tatu, sawa!" boksi baada ya boksi, ndivyo sheria inavyosema na ndivyo hakuna anayefanya, sisi wazoefu kidole tunakigusisha tu boksi na mdomo tunaufunga, na siku moja mimi nikatoka nyuma ya rafu nikasema kwa sauti watu wasikie, "Minegishi-san, hapa si stesheni, treni haiji," wakaangua kicheko, wakalibeba neno hilo wiki nzima, akipita wanaita, "Treni imechelewa leo, Minegishi-san?" na yeye anacheka, anainamisha kichwa, na baada ya wiki hiyo sikusikia tena sauti yake kwenye rafu, sikuiuliza iko wapi, niliona tu kuna utulivu, nikaupenda. Kwa hiyo hata hilo. Hata kile kidogo ambacho ni kosa lake kweli kweli, ni mimi niliyempokonya kinga yake, kwa mzaha, nipate kuchekesha watu kidogo, uso unaniwaka mpaka masikioni, nikiwa peke yangu ningejipiga kofi.

"Na swali moja," anasema Tsukuda-san, hajapandisha sauti, ana miaka thelathini na minane na hajawahi kupandisha sauti, "yale maboksi yalikaa katikati ya njia wiki kumi. Mbele yalikuwa yanatoka mapya kila siku. Imewezekanaje?" na hapa naona mwanga mdogo, swali linanitafuta mimi, limebaki hatua moja tu, sema, sema sasa hivi, na Minegishi-san anainua macho, anatazama mstari wa mbele, wa pili, macho yanapita usoni kwangu kama yanavyopita kwa wengine, wala hayasimami, anasema, "Hilo siwezi kulieleza." Hakusema sijui. Alikuwa mkuu wa idara miaka ishirini, mtu wa kuchagua maneno, amesema siwezi kulieleza... na mtu akishika kijiti akachungulia njia ile kwa nyuma akaona yale saba, akajua mbele kulikuwa na mapya, anahitaji nini zaidi, mjazaji wa asubuhi wa njia za arobaini ni mmoja tu, hata Nagumo-san akikaa akafikiri dakika mbili atapata jibu. Anajua. Hapana, hajui, angejua angesema, nani asingesema, mtu na mkate wake... Siku ile niliporudi kutoka kwenye kumbukumbu ya baba alinisubiri kwenye makabati, akaniambia, "Mwalimu, njia yako moja ilikuwa imekwama, nimekufungulia," kwa furaha, kama mtu aliyekumwagilia maua ukiwa safarini, nikasema asante. Nikasema asante! Saa mbili asubuhi. Na hili la baada yake sijawahi kujiambia mpaka mwisho, kila nikifika hapa nageuza, leo nimesimama mstarini siwezi kugeuza popote: saa nne nilikwenda mlango wa sita wa magari, nikayaona, yote saba, juu ya mbao za mzigo, yamezungushiwa nailoni tayari, jina la nyumba ya wazee limebandikwa, tarehe inasomeka vizuri tu ndani ya nailoni, kumi na nne, na gari lilikuwa linaondoka saa saba. Saa tatu. Nilikuwa na saa tatu kamili. Nilisimama pale na vidole vyangu vimegusa nailoni, baridi, nikapanga maneno, maneno yote yalianza na mimi, nikatafuta yasiyoanza na mimi sikuyapata, na Minegishi-san akapita na toroli tupu akasema, "Baridi imeanza kweli, Orihara-san," nikasema kweli, nikarudi kwenye rafu zangu, nikajaza kwa nyuma, sheria zote, kidole kimenyooka, nikala chakula changu, wali na samaki na kachumbari ya figili niliyopewa na shangazi, nikamaliza, nikasikia gari likiondoka, nikafuta kijaluba changu cha chakula kwa karatasi. Sikusahau, sikuchoka, sikukosea. Nilichagua. Nilipima bibi nisiyemjua na picha yangu ukutani, nikachagua picha.

"Kesho asubuhi," anasema mkuu, "mimi na Minegishi-san tutakwenda kule kuomba radhi ana kwa ana," na Nagumo-san anaegemea, harufu ya kahawa ya kopo, "Ameshanunua na boksi la peremende za maharage, kwa hela zake, lile kubwa la vipande ishirini na nne, na mimi nimesikia ofisini, mwezi wa tatu hawamwongezei mkataba, eti umri, umri gani, ni hili," nami nasema, "Kweli?" kwa sauti ya mtu anayesikia habari za jirani, na naona kesho yote mbele yangu, atavaa ile suti yake ya zamani ya ukuu wa idara, ataingia kwenye chumba chenye harufu ya dawa na chai, atapiga magoti kwenye mkeka mbele ya bibi yule, paji la uso mpaka chini, na bibi atasema si neno, si neno, watu wa umri ule ndivyo wanavyosema, na binti yake hatasema si neno, atanyamaza tu, na kunyamaza huko atakubeba yeye mpaka nyumbani, kwa mke anayemzungushia mashine ya kufagia, na mwezi wa tatu atakaa sebuleni moja kwa moja, na mimi mwezi wa tatu nitakuwa hapa, nitakuwa namfundisha mtu mpya, nitamwambia rafu hii inakulazimisha uwe mwaminifu. Nilikuwa nikiogopa kufukuzwa, hicho ndicho nilichojiambia, mtoto bado yuko chuoni, umri wangu nani atanichukua, lakini si hicho, nikijikagua vizuri si hicho, kufukuzwa ningekuvumilia, ninachokiogopa ni sura ya Nagumo-san ikinigeukia, ni mtu kuondoa ile picha na kubaki alama nyeupe ukutani, ni kuitwa Orihara-san kwa sauti nyingine. Kwa ajili ya sauti. Kwa ajili ya sauti ya watu thelathini na wanne nimemwacha mzee huyu asimame pale na kofia tumboni, naona haya, naona haya hata kwa mikono yangu hii, nimeificha nyuma.

"Kosa la mmoja wetu ni letu sote," anasema Tsukuda-san, "wote pamoja, tuelekee kaskazini walipo wale wazee, tuiname," na viatu thelathini na vinne vinageuka kwa pamoja sakafuni, hapana, mara mbili yake, viatu vya miguu yote, na Minegishi-san peke yake mbele amegeuka pia, sasa nauona mgongo wake tu, na tunainama, mgongo wangu unakunjika vizuri, kiuno pembe kama ilivyotakiwa, mikono pajani, na nikiwa chini naona kwanza nafuu, nikiri, nafuu, kwa sababu huku chini hakuna anayemwona mwenzake, kila mtu anaona sakafu, na radhi hii inatosha, nimo ndani yake, na mimi nimeinama, bibi ameombwa radhi na mimi nikiwemo, imekwisha, moja, mbili... kisha nafuu hiyo hiyo inanichukiza, maana Nagumo-san hapa kando anainama kwa ajili ya Minegishi-san, dereva anainama kwa ajili ya Minegishi-san, wote thelathini na wanne wamekunja migongo wakimsaidia kubeba, na mimi nimejipenyeza katikati yao kama mmoja wa wasaidizi, watainuka watasema Orihara-san naye aliinama sana, mwalimu wake, inamuuma, wataniletea chai, tatu, nne, na nitainywa, najijua, nikiinuka na hawa nitainywa chai ile, na kesho, na kesho tena, sekunde arobaini kila asubuhi, hivi ndivyo inavyofanyika, haifanyiki siku moja kubwa, inafanyika kwa kuinuka na wenzako, tano. "Asanteni," anasema mkuu. Nguo zinachakachaka, watu wanainuka, nasikia Nagumo-san anapumua, anavuta pua, na mimi sijainuka. Sikupanga. Kiuno kimekataa, au nimekataa mimi, naitazama saruji, kuna ufa mwembamba na doa la mafuta, damu inanishukia kichwani, nywele zimenifunika macho, "Orihara-san," Nagumo-san ananong'ona, "imekwisha, inuka," ananigusa kiwiko, na mkuu, "Orihara-san? Vipi? Unaumwa?" na mdomo wangu umeshafunguka, na viatu vinageuka kule mbele, vile vyenye kamba zilizochomekwa ndani, vinakuja hatua mbili vinasimama, na Minegishi-san anasema kwa ile sauti yake ndogo, haraka kidogo, kama anayenifunika shuka, "Ni mgongo wake, Tsukuda-san. Unamsumbua tangu baridi ilipoanza. Mwacheni akae kidogo." Mgongo wangu. Sijapata kuumwa mgongo maisha yangu yote, na yeye anajua, alinikuta nikibeba maboksi mawili kwa mkupuo akaniambia una mgongo wa mpiga mieleka. Basi anajua. Anajua yote, alijua pale mlango wa sita, alijua alipoandika jina lake kwenye karatasi na kuacha nafasi tupu juu yake, na sasa hivi, mbele za watu, akiwa na sifuri ile mgongoni mwake, amenifungulia mlango wa kutokea, niupite, niseme ndiyo ni mgongo, nikae kwenye kiti, niletewe chai. Watu wameanza kusema pole. "Pole, Orihara-san." "Leteni kiti." Kiti kinakokotwa. Na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa sitaki kitu cha mtu, sitaki kiti, sitaki hata huruma hii ya mzee huyu, nzito kuliko tusi lolote, na bado nimeinama, saruji ile ile, ufa ule ule, nasikia sauti yangu inatoka, kavu, ya mtu wa kawaida tu.

"Mgongo wangu ni mzima," nasema.